Ovaroli ya Mifuko Sita

Chrispinus alikuwa amejibu "mara nyingi" kwa maswali manane mfululizo, na kila jibu lilizidi kumtia mkewe shaka. Alijibu haraka mno. Alijibu kama mwanafunzi aliyeuziwa karatasi ya mtihani. Maximilla aliketi kando yake kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, akamtazama kwa pembe ya jicho huku akijiuliza ni nani aliyemfundisha.

"Ukitumwa vitu vitatu, huwa unasahau kimoja?" aliuliza Cherono. Alikuwa afisa wa kliniki, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, na watu waliokuwa kwenye foleni nje walimwita daktari.

"Nasahaunga viwili," alisema Chrispinus.

"Huwa unapoteza vitu vya kazi?"

"Sana."

"Mtu akizungumza nawe, akili inahama?"

Chrispinus alikuwa akitazama dirishani, ambako fundi alikuwa akipaka ukuta rangi. Maximilla akamgusa goti. "Unaulizwa."

"Eeh. Mara nyingi."

Maximilla alishindwa kunyamaza. "Daktari, pole, lakini haya maswali ukimuuliza mtu yeyote hapo kwenye benchi atakuitikia. Nani hasahau? Nani hapotezi funguo? Kama huo ndio ugonjwa, basi funga lango, Kakamega yote tumelazwa."

Cherono alicheka kidogo, kisha akaacha. "Umesema kweli, mama. Ndiyo maana mimi sitibu karatasi. Dalili zake zimefika, zimepita hata. Zilianza zamani?"

"Tangu nikiwa mdogo," alidakia Chrispinus.

"Sawa. Lakini dalili peke yake hazinitoshi. Lazima nione zinamharibia nini katika maisha yake ya kila siku. Kazini, nyumbani, kwa watu. Mtu anaweza kuwa na dalili zote hizi na siku zake zikaenda vizuri. Huyo ni mtu na tabia yake, aende zake. Sasa wewe unayekaa naye, niambie. Zinaharibu nini nyumbani?"

Hapo ndipo Maximilla aliuona mtego. Mumewe alikuwa dereva wa trekta la kubeba miwa, na alikuwa amesimamishwa kazi kwa ajili ya miwa iliyopotea. Supavaiza wake, Clifford, alimwambia aende apimwe kichwa, alete barua Ijumaa ya wiki ijayo kamati ya kiwanda ikikaa. Maximilla akisema haziharibu kitu, basi hakuna ugonjwa, na kamati itabaki na neno moja tu la kumpa Chrispinus: mwizi. Akisema zinaharibu, ni nani atakayemrudishia mgonjwa usukani? Chini ya hayo mawili kulikuwa na la tatu ambalo hakuwa amemwambia mtu. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika kwamba mumewe hakuiba.

"Haziharibu kitu," alisema. "Nyumba yetu iko sawa."

Cherono aliweka kalamu chini. "Mama, tangu mwingie nimekuwa nikikuhesabu. Umempa kitambulisho kabla hajakitafuta. Umeokota simu yake pale mezani. Umemfunga kifungo cha shati. Umemgusa goti mara nne ili anisikie. Na leo Jumanne, ni nani aliyekumbuka ni Jumanne?"

"Ni mimi."

"Na ukitoka kwenye hiyo nyumba?"

"Niende wapi?"

"Popote. Wewe ukitoka, ni nini kinachobaki sawa?"

Maximilla alikuwa ametoka mara moja tu katika miaka kumi na moja: siku tisa mwezi wa tano, alipokwenda Likuyani dada yake alipojifungua. Na ni katika siku hizo tisa ambapo miwa ya mzee Isaiah ilipotea.

"Siku saba," Cherono akasema, akampa daftari dogo la kurasa thelathini na mbili. "Usimkumbushe, usimtafutie, usimpangie. Isipokuwa mambo ya moto na barabara. Andika kinachotokea, kizuri na kibaya. Jumanne niletee."

Walipotoka nje, Chrispinus aligeuka kurudi ndani. Alikuwa amesahau kofia. Maximilla alikuwa ameiona kitini tangu waliposimama, akaiacha makusudi, na moyo wake ukashtuka kugundua jinsi mkono ulivyomwasha.

* * *

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kila jioni dereva wa trekta alipewa tiketi za kesho na za keshokutwa, moja kwa kila mkulima ambaye miwa yake ingebebwa. Trela likifika kwenye mizani ya kiwanda, dereva hutoa tiketi ya mwenye miwa, na uzito unaingia kwa jina hilo. Ukitoa tiketi isiyo yenyewe, jasho la miezi kumi na minane linaingia kwa mtu mwingine. Jumanne moja ya mwezi wa tano, trela la mzee Isaiah, tani kumi na moja, liliingia kwa jina la Wanjala.

Na Wanjala alikuwa binamu yake Chrispinus. Baba zao walizaliwa tumbo moja.

Upande ule wa Kabras hakukuwa na aliyehitaji kuambiwa zaidi. Isaiah alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili wakati wa kupeana mikono ya amani alimpa mkono Maximilla, akampa mama mkwe wake Rachael, akauruka mkono wa Chrispinus ulionyooshwa, akampa mtu wa nyuma. Chrispinus alibaki ameunyoosha kwa muda, kisha akaufanya wa kujikuna shingo.

Wanjala naye hakusaidia kitu. Alicheka tu. "Mimi nilikuwa nimelala nyumbani kwangu, miwa ikanifuata. Nifanyeje, niifukuze?" Wiki iliyofuata akaleta kilo mbili za nyama, zimefungwa kwenye gazeti. Maximilla aliipika kwa sababu mama mkwe alikuwa ameiona, lakini alipokuwa akiigeuza sufuriani aliitazama kama mtu anayehojiwa. Nyama ya nini? Tangu lini Wanjala akaleta nyama?

Alikuwa amepekua kila kitu. Alisoma ujumbe wote kwenye simu ya mumewe. Alinusa makoti. Alimuuliza jambo moja asubuhi na jioni kwa maneno tofauti, kama polisi, aone kama majibu yatagongana. Yaligongana mara zote, maana Chrispinus hakukumbuka alichojibu asubuhi, na hilo lilimchosha Maximilla kuliko uongo wenyewe.

Jambo moja ndilo lililomkaa kooni. Mumewe alikuwa na ovaroli kuukuu ya bluu ambayo Maximilla aliishonea mifuko sita kifuani na pajani kwa vipande vya rangi: nyekundu ya leso, njano ya pazia, kijani ya sare ya shule ya binti yao Beverly, na kadhalika. Kila jioni Chrispinus akileta tiketi, Maximilla alizipanga kwa mwendo wa safari. Ya kwanza nyekundu, ya pili njano, ya tatu kijani. Asubuhi alimsomea, na saa nne alimpigia simu: "Sasa uko kwa nani?" "Kwa njano." "Haya." Madereva wengine walimcheka, wakamwita Krismasi. Yeye alicheka pamoja nao na kuivaa.

Lakini siku ile miwa ilipopotea, hakuwa ameivaa. Maximilla aliporudi kutoka Likuyani aliikuta imetundikwa msumarini, safi, imepigwa pasi. Kwa nini mtu abadilishe nguo siku ile ile? "Kampuni ilituletea mpya," alisema Chrispinus. "Wakasema lazima." Ovaroli mpya ilikuwa ya rangi ya chungwa, na mifuko miwili tu mirefu kama magunia. Maximilla aliitazama, akaona jibu limekaa vizuri kupita kiasi.

"Mama," alimuuliza Rachael jioni ile walipotoka kliniki, wakiwa jikoni wawili, obusuma, ugali wa kwao, ukitokota. "Akiwa mdogo alikuwaje? Usinifiche, mimi si mgeni."

Rachael alizungusha mwiko bila kuinua uso. "Nilimtuma mtoni na ndoo, akarudi na chura. Ndoo tukaipata siku ya tatu kwa watu. Shuleni walimchapa hadi mwalimu akachoka mkono, akaniita akaniambia, mama, huyu mtoto si mjinga wala si mtukutu, sijui ni nini. Mimi nikasema ni mtoto." Akapiga mwiko ukingoni mwa sufuria. "Nilipokuona wewe, nikamshukuru Mungu. Nikasema, sasa amepata wa kumshika."

"Hukuniambia."

"Ungeolewa?"

* * *

Siku saba zilianza Jumatano. Maximilla aliandika kwa kalamu nyekundu, ndiyo aliyoipata.

Jumatano: ameacha ng'ombe bila kufunga, ng'ombe amekula mahindi ya jirani, jirani ametukana. Alhamisi: amevaa viatu tofauti hadi Butali na kurudi, watu wamemwambia akiwa njiani kurudi. Ijumaa: ametengeneza redio ya mama iliyokufa mwaka jana, saa tano bila kuinuka, hakula, hakusikia akiitwa. Inaongea vizuri. Jumamosi: amesahau mazishi. Yeye ndiye alikuwa abebe viti.

Akisoma alichoandika, alichukia. Kilikuwa kimejaa mno. Mtu akijua anatazamwa na kuandikwa, si ni rahisi kusahau? Tena barua inatakiwa Ijumaa. Chrispinus hakuwa mjinga. Mwalimu mwenyewe alisema. Labda alikuwa akilitilia daftari mambo ya uongo, kama mtu anavyotia maji kwenye maziwa ya kuuza.

Kwa hiyo Jumatatu alimtuma Malava, mambo matatu. Apeleke debe la mahindi kwenye mashine ya kusaga. Anunue mafuta ya taa. Apeleke barua ya chama cha akina mama kwa katibu, anayeuza viatu sokoni. Kisha yeye akamwambia mama mkwe anaenda kukata kuni, akajitanda leso kichwani, akamfuata.

Ni aibu mwanamke mzima kumnyemelea mumewe mchana kweupe, na Maximilla aliisikia aibu hiyo kwenye nyayo. Kila aliyemsalimia alimwitikia haraka na kupita. Aliomba asimwone akikutana na Wanjala. Halafu akajikuta anaomba amwone, ili yaishe.

Chrispinus alifika mashineni, akaacha debe, akapewa namba ya foleni. Akaenda zake kuelekea dukani, chupa ya mafuta mkononi. Njiani, kwenye baraza, fundi wa nguo alikuwa ameiinamia cherehani yake iliyokataa kuzunguka. Chrispinus alisimama. Akaweka chupa chini. Akachuchumaa.

Maximilla alijibanza kwa muuza ndizi ng'ambo ya barabara, akanunua ndizi ambazo hakuzitaka. Nusu saa. Saa nzima. Mumewe aliifungua ile cherehani kipande kwa kipande, akavipanga kwenye kitambaa kwa utaratibu ambao Maximilla hajawahi kuuona nyumbani kwake, akaisafisha, akaifunga. Cherehani ikazunguka. Fundi akapiga makofi, watu wakacheka. Chrispinus akasimama na uso wa mtu mwenye furaha.

Kisha furaha ikamtoka. Maximilla aliiona ikitoka, kama taa inavyofifia mafuta yakiisha. Mumewe alijipapasa mfuko wa kwanza, wa pili, wa kwanza tena. Akatazama viganja vyake vitupu. Akaenda upande wa duka, akasimama, akarudi upande wa mashine, akasimama. Chupa ilikuwa pale barazani alipoiweka, hatua tano nyuma yake.

Aliporudi kwenye mashine ya kusaga aliikuta imefungwa, na debe la mahindi liko ndani. Chrispinus alizunguka nyuma ya jengo, mahali ambapo hakuna mtu, penye majivu na maganda. Maximilla akapita upande wa pili, akachungulia kwenye pembe ya ukuta.

Alikuwa amepiga magoti nusu, mgongo ukutani, akijigonga paji la uso kwa ngumi. Si kwa nguvu. Polepole, kwa mpigo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu. Na kila akigonga alisema, kwa sauti ya mtoto anayetumwa dukani, "Unga, mafuta, barua. Unga, mafuta, barua. Unga, mafuta..." Akakwama. Akaanza upya.

Hapo hapakuwa na daktari wala mwenye kalamu nyekundu. Maximilla alirudisha kichwa nyuma ya ukuta, akaketi kwenye majivu na ndizi zake.

Jioni Chrispinus alirudi mikono mitupu, akiwa amenawa uso. "Mashine iliharibika," alisema. "Na duka la mafuta limefunga. Na katibu hakuwepo."

Uongo mtupu, mara tatu kwa mpigo, bila kupepesa jicho. Miezi miwili Maximilla alikuwa akiutafuta uongo wa mumewe, na sasa alikuwa ameushika mkononi, na haukuwa ule alioutafuta. Mumewe hakuwa akijifanya anasahau. Maisha yake yote alikuwa akijifanya anakumbuka.

"Pole," alimwambia. "Kesho tutaenda pamoja."

Jumatatu ile ya majivu hakuiandika kwenye daftari. Jumanne alimsimulia Cherono kwa mdomo, pamoja na habari ya mifuko sita, mlango umefungwa, Chrispinus akiwa nje. Cherono alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwenye usukani je? Amewahi kugonga mtu?"

"Miaka kumi na moja, hata kuku. Akishika usukani ni kama ile cherehani. Shida ni akishuka."

Cherono aliandika. "Dawa zipo, tutaanza kidogo kidogo na kumwangalia. Lakini hii mifuko yako, mama, nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilidhani hiyo ndiyo ndoa."

* * *

Kamati ilikaa Ijumaa katika ofisi ya mabati karibu na mizani, mahali ambapo harufu ya molasi hushika hadi kwenye meno. Clifford aliketi mezani na kitabu kikubwa cha mizani mbele yake. Isaiah aliketi kulia, kofia gotini. Wanjala alisimama mlangoni, tayari kuondoka. Wakulima wengine walijaza dirisha.

Clifford alisoma barua ya Cherono kwa sauti, pamoja na mahali pasipotakiwa kusomwa kwa sauti. Dirishani mtu akasema, "Kumbe Krismasi ni mgonjwa wa kusahau! Nami nina deni lake, naomba ugonjwa umshike zaidi." Wakacheka. Chrispinus naye akacheka, kwa mazoea, na Maximilla akaona jinsi kicheko hicho kilivyokuwa kazi.

"Mimi sikatai daktari," alisema Isaiah, akisimama. "Lakini nami nasahaunga. Mwaka jana nilifika kanisani bila Biblia, na ni mimi wa kusoma. Huwa namuuliza mama watoto miwani iko wapi, kumbe iko usoni. Je, nimepeleka miwa ya mtu kwa binamu yangu? Huu ugonjwa una akili sana. Umesahau jina langu, ukakumbuka la ukoo wao."

Dirisha likanguruma kukubali. Clifford alimtazama Chrispinus. "Una la kusema?"

Chrispinus alikuwa akitazama feni ya ukutani inayozunguka.

Maximilla alisimama. Alikuwa amekuja na mfuko wa nailoni. Akatoa ovaroli kuukuu, akaitandika juu ya meza ya Clifford, juu ya karatasi zake.

"Mzee Isaiah, wewe ukisahau Biblia, unaazima, unasoma, siku inaendelea. Miwani unaipata usoni. Huyu wangu akisahau, siku inavunjika, na kesho inavunjika tena mahali pale pale. Hamjaona kwa sababu mimi nilikuwa naishona kabla haijapambazuka. Hii nyekundu ni safari ya kwanza. Njano ya pili. Ninamsomea asubuhi, saa nne ninampigia. Miaka kumi na moja. Mwezi wa tano nilikuwa Likuyani. Na juma hilo hilo mkamvalisha ile ya chungwa. Ni kweli au si kweli?"

"Zilikuja Jumatatu," alisema Clifford. "Lazima zivaliwe. Usalama."

"Basi Jumatatu mlimvua kichwa, Jumanne miwa ikapotea."

"Kwa hivyo miaka yote hii," mtu alisema dirishani, "dereva wetu alikuwa ni mama?" Kicheko kilikuwa kikubwa sasa. Chrispinus alitazama viatu vyake. Vilikuwa vinafanana, alivihakikisha mwenyewe asubuhi.

"Maneno matamu," alisema Isaiah, lakini hakuketi. "Bado jina lilikuwa la binamu."

"Siku hiyo alibeba trela ngapi?" aliuliza Maximilla. "Fungua kitabu. Yote ya siku hiyo, si ya mzee peke yake. Mwenye kuchanganya moja kwa kupenda atachanganya moja. Mwenye kuchanganya kwa kutojua hawezi kuishia moja."

Alisema hivyo bila kujua. Aliibahatisha kama mtu anayerusha jiwe kwenye kichaka. Lakini alipomtazama mumewe aliona amepauka.

Clifford alilamba kidole, akafunua. Kidole kikashuka kwenye mistari, safu ya shamba na safu ya jina. "Trela la kwanza, sawa. La pili ni hilo la mzee, jina la Wanjala. La tatu, sawa. La nne..." Akasogeza uso karibu. "La nne limetoka kwa Rachael, shamba la juu. Huyo si mama yenu? Limepimwa tani nane. Limeingia kwa jina la mtu wa Lugari. Simjui hata."

Dirishani vichwa vilisogea karibu.

Ile ilikuwa miwa yao. Robo tatu ya eka, ndiyo yote waliyokuwa nayo, na Maximilla ndiye aliyeipalilia kwa mikono yake. Malipo yake ndiyo alikuwa akiyangoja, na kila alipouliza Chrispinus alimwambia kiwanda kinachelewesha.

"Ulijua?" alimuuliza, mbele ya watu wote.

"Tangu mwezi wa sita."

"Na hukusema? Wakikuita mwizi, hukusema? Neno moja tu lingekutoa. Hakuna mwizi anayejiibia!"

Chrispinus alisema polepole, na kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yake hayakuhama kwenda popote. "Hawa niliwaogopa kidogo. Wewe ndiye nilikuogopa. Ulikuwa unanipekua kila siku, Mama Beverly. Nikaona ukijua na hii, hakuna kitakachobaki."

Isaiah aliishika kofia yake kwa mikono miwili, akaigeuza kama anayetafuta upande wa mbele. Hatimaye akaketi. "Mtu wa Lugari atafutwe," alisema kwa sauti kavu. "Kabla ya yangu, irudi ya mama Rachael. Na wewe Wanjala," akageuka mlangoni, "miwa iliyokufuata, itarudi kwa miguu au niifuate?"

Wanjala hakucheka.

* * *

Clifford alimrudisha kazini kwa mwezi mmoja wa kutazamwa. Ovaroli ya chungwa ilibaki lazima. Maximilla alichukua mkasi akaifumua ile kuukuu mifuko yote sita, akaishona kwenye mpya, na safari hii Chrispinus alikaa kando yake akimwelekeza. Kijani aliitaka iwe ya safari ya kwanza, upande wa moyo, njano karibu na mkono. Alikuwa na sababu zake kwa kila mmoja. Miaka kumi na moja Maximilla hakuwahi kumuuliza.

Jumatatu asubuhi trela la kwanza lilikuwa la Isaiah, kutoka shamba lake la pili. Mzee aliomba kuiona tiketi yake, akamrudishia Chrispinus lakini hakuiachia. Waliishika wote wawili.

"Inaenda wapi?"

"Kijani."

"Weka nione." Akaona. Akaigusa kwa nje ya kitambaa kuhakikisha. Kisha, trekta lilipoondoka likiyumbisha miwa, Isaiah alipanda baiskeli yake akalifuata nyuma, kwenye vumbi lote lile, mzee wa miaka sitini na nane, hadi kiwandani. Moyo wake ulikuwa haujaamini, wala hakuficha.

Saa nne ilimkuta Maximilla shambani, simu kwenye kifua cha gauni. Daktari alikuwa amesema ampe nafasi ya kujikumbusha kwanza, asimkimbilie. Aliitoa simu, akairudisha. Akapalilia mstari mmoja. Akaitoa tena. Ikaita mkononi.

"Mama Beverly." Sauti ya Chrispinus ilikuwa imebana. "Niko mizani. Nimeshapima. Lakini ile ya kijani... sikumbuki kama nimeitoa hiyo au nimetoa nyingine."

Maelekezo yote ya zamani yalimjaa mdomoni Maximilla. Aliyameza. "Angalia mfuko," alisema.

Akasikia kitambaa kikipapaswa, honi ya trekta la nyuma, mtu akitukana foleni. Kisha, kwa mbali, sauti ya mzee inayohema kwa kuendesha baiskeli, inayopiga kelele kupita injini zote:

"Umeitoa! Mwambie umeitoa! Mimi nimeona!"